Dawa ya Mvuke

Akheri
S.L.P. 63, Usa River
6 Februari 1994

Mdogo wangu Abdiel,

Pokea salamu za huku nyumbani. Mama anakusalimia. Miguu inamsumbua lakini mdomo haujambo, anatugombeza wote tangu asubuhi. Shemeji yako Ebenezer ameng'oa mibuni yote ya upande wa mto, anasema kahawa imekuwa mzigo na anataka kupanda nyanya. Nilimwambia mibuni ile ndiyo iliyokusomesha wewe mpaka Ujerumani. Akanijibu kwamba hata wewe umekwenda zako. Basi kuni tunazo za mwaka mzima.

Sasa nisikilize. Ninakuandikia kwa ajili ya Anande. Unakumbuka mtoto huyu alivyokuwa akikohoa tangu akiwa mgongoni. Mwaka jana akiwa kidato cha pili alizidiwa, tukamrudisha nyumbani. Wamemchoma sindano za kifua kikuu siku sitini, wakapumzika, wakamchoma tena sitini, na hakuna kilichobadilika isipokuwa makalio yake kuwa magumu. Mwezi uliopita daktari mgeni alimpiga picha akasema haikuwa TB hata siku moja. Anasema mapafu yamevimba kwa ndani, na njia za hewa zimejaa makohozi mazito kama uji wa juzi. Akasema huko Ulaya ugonjwa huu unatafutiwa dawa. Nikamwambia Ulaya nina mdogo wangu.

Ana miaka kumi na saba na kilo thelathini na nne. Wewe unafanya kazi mahali wanapojaribu dawa, uliniambia mwenyewe. Usiniandikie habari za theluji. Niambie dawa ipo au haipo.

Dada yako,
Elinipa


Leipzig
9 Machi 1994

Dada Elinipa,

Shikamoo. Shikamoo na kwa mama, na umpe pole ya miguu. Mwambie shemeji Ebenezer kwamba sikwenda zangu, nilipelekwa, na nitarudi. Mimi ni mzima wa mwili. Tangu nchi hii iungane tena kazi zimekuwa za kubahatisha, lakini bado niko pale pale maabara.

Habari za Anande zimenitoa machozi. Pole sana kwa kuuguza. Swali lako nalijibu: dawa ipo.

Ni mpya, bado inajaribiwa hapa kwetu. Si kidonge wala sindano. Ni protini, ile ile mliyofundishwa kliniki kwamba iko kwenye maharage na maziwa, ila hii imetengenezwa kwa kazi moja tu, kutuliza uvimbe wa ndani ya mapafu na kulainisha makohozi. Mtu akiimeza, tumbo linaisaga kama chakula na haifiki popote. Kwa hiyo hupelekwa moja kwa moja kwenye mapafu. Kuna mashine ndogo ya umeme inayoigeuza dawa kuwa mvuke, na mgonjwa anauvuta mvuke huo kwa pua na mdomo kwa robo saa, mara moja kwa siku.

Nimepata vichupa sitini. Vilikuwa vya mgonjwa mmoja aliyeacha. Mchungaji Sumari wa Makumira alikuwa hapa kwa masomo, anarudi tarehe 20, atavibeba mkononi ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Mashine ni nzito, itakuja kwa meli ndani ya makasha ya vitabu vya chuo chao.

Mambo mawili uyashike kama amri. Dawa ikae kwenye baridi siku zote, ila isigande kuwa barafu. Na isitikiswe. Halafu naomba habari hizi zisitoke nje ya nyumba.

Mdogo wako,
Abdiel


Akheri
17 Aprili 1994

Mdogo wangu,

Marahaba. Mungu akupe maisha marefu na akupe na mke, maana mama ameanza kuuliza kama Wajerumani wamekuhasi. Mvua za masika zimeanza vizuri. Nyanya za shemeji yako zimeoza zote. Na sasa watu wa makampuni binafsi wanapita nyumba kwa nyumba na magari wakitafuta kahawa, bei imepanda, na sisi tunapikia mibuni. Hatuzungumzi juu ya hilo mezani.

Vichupa vimefika vyote sitini, hakuna kilichopasuka. Nesi Agnela wa zahanati ya huku chini amekubali vikae kwenye friji yake ya chanjo, ile ya mafuta ya taa. Kila asubuhi nashuka kuchukua kimoja. Nakifunga kwa kitambaa cha maji na gome bichi la mgomba, halafu napanda nacho pole pole kisitikisike, kwa mwendo wa bibi harusi. Watu wananiuliza nimebeba nini, nawaambia mayai.

Mashine bado. Mchungaji Sumari anasema meli huenda ikafika Julai, na baada ya hapo kuna bandari. Lakini lisikunyime usingizi, tumepata njia yetu na tumeanza Jumatatu ya Pasaka. Tangu siku hiyo Anande anatema makohozi mengi na kifua kimefunguka. Jana alikula ndizi na maziwa, akaomba tena. Abdiel, nilikaa nyuma ya nyumba nikalia peke yangu kwa furaha.

Huyo mgonjwa aliyeacha dawa, aliacha kwa sababu amepona?

Dada yako mwenye deni la shukrani,
Elinipa


Leipzig
10 Mei 1994

Dada Elinipa,

Shikamoo. Barua yako imefika jana, nimeisoma mara nne. Nimefurahi kusikia Anande amekula. Mwambie mama kwamba habari za mke nitamjibu nikija. Hapa miti imechanua. Kazini wanahesabu vifaa vyote vya stoo upya, kwa hiyo mambo si matulivu sana.

Dada, umesema mmepata njia. Njia gani? Kama ni mashine ya hospitali, niandikie jina lake lililobandikwa ubavuni, maana si kila mashine inaifaa dawa hii. Nijibu mara tu upatapo barua hii, hata kwa mistari miwili.

Abdiel


Akheri
5 Juni 1994

Mdogo wangu Abdiel,

Sisi tupo. Mama ameanguka kidogo lakini hakuvunjika. Mto ulijaa wiki mbili, siku nyingine sikuweza kuvuka kwenda kwa Agnela, kwa hiyo vichupa kumi na vinne bado tunavyo.

Unaniuliza njia gani kana kwamba hukuzaliwa huku. Mimi na wewe tulifukizwa na nani tulipokuwa na mafua? Tunafanya vile vile alivyotufanyia mama. Ebenezer anachochea moto wa mibuni, maji yanachemka kwelikweli, mimi namwaga kichupa ndani ya sufuria, Anande anainama juu yake na tunamfunika blanketi mpaka chini, asipoteze hata tone. Robo saa kwa saa ya Ebenezer, kama ulivyosema. Ulisema mashine inatoa mvuke. Mvuke ni mvuke, Abdiel. Nikaona ni dhambi kuiacha dawa ikae kwenye friji ikisubiri meli, na mtoto anakauka mbele ya macho yangu.

Wiki hizi mbili amerudi nyuma kidogo. Amekuwa mbishi, hataki blanketi. Nadhani ni kuchoka tu. Ebenezer ameongeza kuni.

Hukunijibu habari za yule mgonjwa.

Elinipa


SIMU YA MAANDISHI
27 JUNI 1994
ELINIPA SLP 63 USA RIVER
ACHENI MVUKE SUBIRINI MASHINE BARUA INAKUJA
ABDIEL


Akheri
4 Julai 1994

Abdiel,

Anande tulimzika tarehe 23 Juni, karibu na baba. Alifariki Jumanne ya tarehe 21, saa nne asubuhi. Wanafunzi wenzake walikuja kutoka shuleni, waliimba vizuri. Mchungaji Sumari aliongoza ibada. Mama hajasema neno tangu siku ile, na mimi sikudhani nitakuja kuomba mama atugombeze.

Simu yako ilifika tarehe 1 Julai. Mtu wa posta aliisoma, na waliokuwa pale posta wakaisoma, kwa hiyo ilipanda huku mlimani kabla yangu. Ebenezer aliipokea yeye. Inasema tuache mvuke. Ananiuliza kwa nini tuache. Barua unayosema inakuja haijafika.

Elinipa


Leipzig
30 Julai 1994

Dada yangu Elinipa, na shemeji Ebenezer, na mama,

Poleni. Sijui niandike nini baada ya neno hilo. Nilimbeba Anande siku ya ubatizo wake, alinikojolea suti ya kuazima, nanyi mkacheka kanisa zima. Nimekaa na barua yako siku tatu bila kwenda popote.

Habari ya simu isiwasumbue. Ilikuwa ni tahadhari tu. Nilihofu mvuke wa moto usije ukamuunguza ngozi ya uso, maana ngozi ya mgonjwa ni laini. Hakuna zaidi ya hapo. Mungu awatie nguvu.

Abdiel


Akheri
11 Septemba 1994

Abdiel,

Salamu. Mama amesema maneno mawili matatu, anataka chai, anataka mlango ufungwe. Tunashukuru kwa hayo.

Makasha ya vitabu yamefika Makumira wiki iliyopita. Mchungaji Sumari akaniita, akaniuliza mashine airudishe au ampe Agnela. Nikasema kwanza niione, nikaenda na Agnela. Tukaichomeka ukutani sebuleni kwake, Agnela akatia maji safi mahali pa dawa kama karatasi yenye picha inavyoonyesha, akabonyeza. Ikanguruma. Kikatoka kitu cheupe kwenye ile barakoa. Nikaweka mkono wangu.

Ni baridi.

Niliacha mkono pale mpaka maji yakaisha. Agnela alinitazama, kisha akatazama chini, na hajanitazama vizuri tena tangu siku hiyo. Kile si mvuke. Huku kwetu kile kinaitwa ukungu, na kinashuka kutoka Meru kila asubuhi, mtoto wa miaka mitatu anakijua. Wewe umekulia ndani yake.

Sasa nami nikwambie nilichokuficha, ili usione haya kuniambia chako. Niliandika kwamba hataki blanketi. Haikuwa hivyo tu. Alikuwa akilia. Alikuwa akisema, mama, naungua, mama, hewa haiingii. Siku ya Ijumaa kabla hajafa alitoa kichwa nje, nikakirudisha. Nilikishika kwa mikono miwili, Abdiel, nikakibana chini mpaka robo saa ikaisha, nikimwambia hii ni dawa ya mjomba wako, imetoka mbali, vumilia. Alivumilia. Alikuwa mtoto msikivu.

Usiniandikie habari za ngozi laini. Nieleze dawa ile inakuwaje ikiingia kwenye maji ya moto. Mimi ni mtu mzima, nimezika.

Elinipa


Leipzig
5 Oktoba 1994

Dada Elinipa,

Shikamoo. Leo sina habari za hali ya hewa.

Barua niliyoahidi kwenye simu niliiandika mara tatu na kuichana mara tatu. Halafu ikaja habari ya msiba, nikaona nimepata ruhusa ya kunyamaza. Nisamehe kwa hilo kwanza, mengine yatafuata.

Dawa ile ni kama ute wa yai. Ute ukipata moto unageuka mweupe na mgumu, na hata uupoze vipi haurudi kuwa ute. Kichupa kilipoingia kwenye maji yanayochemka, dawa ilikufa hapo hapo, kabla Anande hajainama. Na hata kama kuna chembe iliyopona, isingepanda na mvuke, ingebaki sufuriani. Alichokuwa anavuta ni maji ya moto. Nafuu ile ya mwanzo ililetwa na maji, kama sisi tulivyokuwa tukipata nafuu ya mafua kwa mama. Kwa mapafu yake yalivyokuwa yamevimba, sina hakika kwamba joto lile halikumzidishia. Nimeuliza watu wawili hapa, mmoja kasema labda, mwingine kageuza mazungumzo.

Wewe hukukosea. Nilikwambia baridi, ukaitunza baridi. Nilikwambia isitikiswe, ukatembea nayo kama yai. Sikukwambia isipashwe moto kwa sababu halikunijia akilini, miaka tisa nimekaa katika nchi ambayo mtu akiumwa kifua anachomeka kitu ukutani. Kijerumani kina neno lake kwa kile kinachotoka kwenye mashine. Nilikaa na kalamu nikitafuta neno la Kiswahili, nikachoka, nikaandika mvuke. Nilijua si lenyewe hasa. Niliona litatosha.

Vichupa niliviiba. Yule mgonjwa aliyeacha alikufa, ugonjwa ulimwahi kabla ya dawa, na vichupa vyake vilitakiwa viharibiwe. Walipohesabu stoo wakajua. Kazi sina tangu Juni. Hata ingefika mashine siku ile ile, siwezi kukuapia kwamba Anande angepona, dawa ilikuwa bado inajaribiwa. Lakini angeivuta. Hakuivuta hata siku moja.

Abdiel


Akheri
6 Novemba 1994

Mdogo wangu Abdiel,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma shambani nikiwa peke yangu, nikarudi nikaichoma.

Sikuandikii kukulaumu. Nilitaka kukulaumu, nikaanza barua mbili, kalamu ikagoma. Ulitafuta neno ukakosa. Mimi nilikuwa na mtoto mwenyewe mbele yangu, anasema kwa Kiswahili kizuri kabisa kwamba anaungua, na sikumsikia. Sasa nani amlaumu mwenzake.

Ninakuandikia kwa ajili ya Ebenezer. Tangu ile simu yako hajakaa vizuri. Haingii jikoni. Akiona moto umewashwa anatoka nje, chakula anakula kikiwa kimepoa. Kila siku ananiuliza swali lile lile: mama Anande, kwa nini Abdiel alisema tuache? Maji yalikuwa hayachemki vya kutosha? Niliweka kuni chache? Yeye anadhani moto wake ulikuwa mdogo. Niliposema sijui, alisema basi andika umwulize. Amekonda, na watu wameanza kumwambia Mchungaji aje amwone.

Nilikusudia kumwambia ukweli. Nimejaribu mara mbili. Mara ya pili nilifika mpaka kwenye neno moto, nikamtazama mikono, nikamuuliza kama ng'ombe amekunywa maji.

Kwa hiyo nataka uandike barua nyingine. Iandike kwa sisi wote, nitaisoma kwa sauti mbele yake na mbele ya mama. Weka salamu, weka na habari za theluji sasa, nakuruhusu. Halafu mwambie moto wake ulitosha. Wewe ndiye msomi wa nyumba hii, atakuamini wewe.

Hili ni la mwisho ninalokuomba. Baada ya hapo tukae kimya mimi na wewe juu ya jambo hili, mpaka tutakapoonana.

Dada yako,
Elinipa


Leipzig
1 Desemba 1994

Kwa mama, dada Elinipa na shemeji yangu mpendwa Ebenezer,

Shikamooni wote. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itawakuta mkijiandaa kwa Krismasi katika hali ya amani. Mimi sijambo, nashukuru Mungu. Huku theluji imeanguka mapema mwaka huu, imefunika mpaka vioo vya madirisha, na asubuhi tunafagia njia kama mnavyofagia uwanja huko nyumbani. Mama, nimepata koti zito, usiwe na wasiwasi. Nimebadilisha kazi pia, sasa niko kwenye ghala la mitumba, yale yale makoti mnayoyaona sokoni Tengeru hupita mikononi mwetu kwanza.

Shemeji Ebenezer, dada ameniandikia kwamba unajiuliza juu ya simu niliyoituma mwezi wa Juni. Ni haki yako kujibiwa, na umenisubiri muda mrefu kwa uungwana. Simu ile niliituma kwa sababu wakubwa wangu hapa walipendekeza tubadilishe utaratibu, kama ilivyo kawaida dawa inapokuwa mpya. Haikuhusu moto wako. Moto ulikuwa wa kutosha. Dawa ilifanya kazi yake, hata yale makohozi mliyoyaona yakitoka na ile siku aliyokula ndizi akaomba tena vilikuwa ni kazi ya dawa. Ugonjwa ulikuwa mkubwa kuliko dawa, basi. Hata hapa Ulaya, penye mashine na madaktari, wapo waliotumia dawa hiyo hiyo na hawakupona.

Nakuomba, shemeji, ule chakula kikiwa cha moto. Uingie jikoni kwako ukae na mkeo. Hakuna jambo hata moja mlilolikosea. Mlifanya kila kitu kama nilivyoandika.

Wenu,
Abdiel